Jinja: Jinsi barabara ilivyotenganishwa na bwawa

Lori linalotoka bandari ya Mombasa na shehena ya Kampala, Kigali au mashariki ya Kongo hupita mipaka na mizani kadhaa, lakini kuna mahali pamoja ambapo dereva hana ujanja wa kupakwepa bila kuzunguka mbali: Mto Nile pale unapotoka Ziwa Viktoria, mjini Jinja. Kuanzia 1954 hadi 2018 malori yalivuka mto huo juu ya bwawa la umeme. Mafuta ya Rwanda, ngano ya Uganda, mabati, mbolea na mabasi ya abiria, vyote vilipita kwenye barabara nyembamba iliyolazwa mgongoni mwa bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale. Tarehe 17 Oktoba 2018 Rais Yoweri Museveni alifungua daraja jipya la nyaya lenye urefu wa mita 525, na malori yakahamia huko.

Wengi waliona picha za ile minara na nyaya zake wakafurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Hata hivyo kuna swali linalostahili jibu kamili zaidi kuliko hotuba za siku ya ufunguzi. Bwawa lingali limesimama na linazalisha umeme hadi leo, na magari yalikuwa yanapita. Kwa nini basi nchi ikope mabilioni ya yeni kujenga njia nyingine karibu kabisa na ile ya zamani? Jibu limo katika zege la bwawa na katika uzito wa malori. Limo pia katika jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: Jinja hapakuwa na namna ya kuifunga barabara ili itibiwe.

Bwawa lililobebeshwa kazi ya daraja

Malkia Elizabeth II alifungua bwawa la Owen Falls tarehe 29 Aprili 1954. Lilijengwa ili lizuie maji na kuzungusha mitambo ya umeme. Barabara iliyopita juu yake ilikuwa faida ya ziada. Kwa wakati ule uamuzi huo ulikuwa wa busara. Ukuta wa zege tayari unatoka ukingo mmoja hadi wa pili, basi ukiweka lami juu yake umepata kivuko bila gharama ya daraja. Sensa ya 1948 ilikuwa imehesabu watu karibu milioni 5 Uganda nzima. Mizigo mizito ilisafiri kwa treni, ikivuka daraja la reli la 1931 lililo jirani.

Sensa ya 2014 ilihesabu watu milioni 34.6. Katika miongo hiyo reli ilidhoofika, mizigo ikahamia barabarani, na nchi zisizo na bahari nyuma ya Uganda zikaitegemea njia hiyo hiyo. Malori nayo yalikua. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, inaruhusu hadi tani 56 kwa lori lenye ekseli (vyuma vinavyoshika magurudumu) za kutosha. Barabara ya 1954 haikuchorwa kwa ajili ya gari la namna hiyo, sembuse mamia yao kila siku, yakifuatana usiku na mchana.

Uzito una hesabu yake, na hesabu hiyo ni kali kuliko tunavyodhani. Majaribio makubwa yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli moja kwa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Maana yake ni kwamba ekseli yenye uzito mara mbili huharibu kama mara 16. Kwa hiyo teksi ya abiria 14 karibu haihesabiki; lori lililozidisha mzigo kidogo tu linahesabika sana. Madaraja yana kanuni zake tofauti na lami, ila na yenyewe huchoka kwa kurudiwarudiwa: chuma kinachopindwa kidogo na kuachiliwa mara mamilioni hupata ufa hata kama hakuna lori moja lililovuka likiwa na uzito wa kukivunja. Ndiyo maana mizani ya barabarani, ambayo madereva wengi huiona kero, ni sehemu ya matunzo ya madaraja.

Halafu kuna zege lenyewe. Hapa inafaa kutua kidogo, kwa sababu maradhi ya zege la Nalubaale ni ya aina ambayo mpita njia hawezi kuiona.

Zege ni saruji, mchanga, kokoto na maji. Aina fulani za mawe zina silika isiyotulia, na saruji ina alkali. Unyevu ukiwepo, viwili hivyo humenyuka taratibu, mwaka baada ya mwaka, vikitengeneza ute unaofyonza maji na kuvimba. Uvimbe huo hutokea ndani ya zege lililokwisha kukauka na kukaza, ambalo halina pa kwenda. Matokeo yake ni nyufa zinazokatana kila upande, na jengo zima kutanuka polepole. Katika jengo la mitambo la Nalubaale dalili zilianza kuonekana tangu miaka ya 1960, na limekuwa mojawapo ya mifano inayojulikana ya tatizo hilo. Katika nyumba ya kawaida mtanuko wa milimita chache hauna neno. Katika jengo lililoshika mitambo ya kuzalisha umeme, ambayo mhimili wake lazima usimame wima bila kuyumba, milimita hizo ni kazi ya miaka kwa mafundi.

Hakuna dawa ya kuuondoa ugonjwa huu, kwani huwezi kuzichambua kokoto kutoka kwenye ukuta uliokwisha kumwagwa. Kinachowezekana ni kupunguza unyevu, kukata nafasi ili zege lipate pa kupumulia, kupima mara kwa mara na kurekebisha mitambo. Likitunzwa hivyo, jengo huishi miaka mingi. Sisemi basi kwamba bwawa lilikuwa karibu kuporomoka, na anayesema hivyo anawatisha watu bure. Ninachosema ni kwamba bwawa la umri ule, lenye zege la namna ile, lilihitaji utulivu na nafasi ya mafundi kufanya kazi, na hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo barabara kuu ya kimataifa haiwezi kutoa. Kila kazi ya mafundi juu ya ukuta ilikutana na malori. Na kila lori, likiwemo tanki la mafuta, lilipita juu ya kituo kilichobeba sehemu kubwa ya umeme wa nchi. Ulinzi pekee ulikuwa sababu ya kutosha ya kuvitenganisha viwili hivi.

Gharama ya kufunga

Daraja la kawaida likichoka, kuna mlolongo wa kazi unaojulikana. Unafunga upande mmoja, unavunja sakafu iliyooza, unafunga nondo mpya, unamwaga zege, unasubiri likaze, kisha unahamia upande wa pili. Zege bichi halipendi mtetemo. Sehemu laini zinazowekwa kati ya nguzo na mihimili ili daraja liweze kunyooka na kurudi zikichakaa, lazima uinue daraja kwa jeki ndipo uzibadilishe. Kazi zote hizi zinataka kitu kimoja: magari yasiwepo, au yapungue mno.

Nani angeyazuia magari Jinja? Tunaweza kupima gharama yake kwa kutazama kilichotokea Karuma, daraja la 1963 linalounganisha Kampala na kaskazini mwa Uganda. Mei 2024 magari mazito yalikatazwa kulipita. Septemba mwaka huo likafungwa kabisa ili sakafu yake ikarabatiwe, na kazi ikachukua miezi. Malori ya kwenda kaskazini yalilazimika kuzunguka: mengine kupitia Masindi, Paraa na Pakwach, mengine upande wa mashariki kupitia Mbale, Soroti na Lira. Kila mzunguko ni mafuta, ni siku za dereva barabarani, ni nyanya zinazooza, ni nauli inayopanda kwa mama anayekwenda hospitali ya rufaa. Mafundi wa Karuma hawakukosea. Daraja lilikuwa limefika mahali ambapo kulitibu huku linatumika ni kuhatarisha watu. Lakini sasa chukua usumbufu ule uupeleke kwenye njia inayopitisha bidhaa nyingi zinazoingia Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo. Hapo inaeleweka kwa nini ukarabati mkubwa juu ya bwawa usingewezekana kabla ya njia nyingine kuwa tayari.

Kuna jiji lililolipa kwa maisha ya watu. Mjini Minneapolis, Marekani, daraja la barabara ya I-35W juu ya Mto Mississippi lilianguka jioni ya tarehe 1 Agosti 2007, na watu 13 wakafa. Uchunguzi ulikuta kwamba mabamba ya chuma yaliyounganisha mihimili yalichorwa membamba kuliko yalivyopaswa tangu siku ya kwanza. Daraja lilisimama nalo kosa hilo miaka 40. Kwa miaka hiyo liliongezewa uzito wa sakafu na kuta za pembeni, na siku ya ajali lilikuwa kwenye ukarabati, mchanga na kokoto vimerundikwa juu yake, huku magari yakiendelea kupita kwenye njia zilizobaki wazi. Ukarabati wenyewe ulikuwa mzigo.

Si kila daraja hubadilishwa kwa sababu ya zege au chuma. Daraja la zamani la Wami, Tanzania, la mwaka 1959, lilikuwa la njia moja kwenye barabara kuu ya kwenda kaskazini, na magari yalisubiriana zamu mteremkoni. Tatizo lake kubwa lilikuwa wembamba. Jangwani, Dar es Salaam, mto ndio uliobadilika: mchanga wa Mto Msimbazi umepunguza kina chake, na mvua kubwa ikinyesha maji hupanda juu ya Barabara ya Morogoro, kwa hiyo dawa yake ni daraja lililo juu na refu zaidi. Jinja ilikusanya karibu yote kwa pamoja: wembamba, uzito, zege lenye maradhi, na kazi nyingine muhimu inayofanyika chini ya barabara ile ile.

Mita 290 bila nguzo

Daraja jipya liko upande wa ziwa, juu kidogo ya bwawa mtoni, karibu na lile la reli. Sehemu yake ya kati, kutoka mnara hadi mnara, ina mita 290, na pande mbili zilizobaki zina mita 135 na mita 100. Wengine huuliza kwa nini isijengwe mihimili ya kawaida yenye nguzo nyingi, ambayo wakandarasi wengi wanaimudu na bei yake huwa ya chini. Tazama mahali penyewe. Maji hapo ni mapana na yamejaa kwa sababu bwawa linayazuia mbele, na kila nguzo mtoni ni msingi mwingine wa kuchimbwa chini ya maji, jirani na bwawa linalofanya kazi. Halafu kuna magugu. Ziwa Viktoria hutoa visiwa vinavyoelea vya matete, magugu na udongo; Aprili 2020 kimoja kilifika kwenye mitambo ya Jinja na umeme ukakatika nchi nzima. Ungeweka nguzo nyingi njiani, kila moja ingekuwa mahali pa kunasia takataka za namna hiyo.

Daraja la nyaya hutatua hilo kwa kuupeleka uzito juu kabla ya kuushusha chini. Sakafu inaning'inia kwenye nyaya, nyaya zinavuta mnara, na mnara unausukuma uzito wote kwenye msingi. Linasimama kama mchota maji mwenye mzega: ndoo mbili zikilingana bega halielemewi upande mmoja, zisipolingana lazima ushike upande mwepesi. Ndiyo sababu ujenzi wa madaraja haya huanzia kwenye mnara na kwenda pande zote mbili kwa pamoja, kipande kwa kipande, waya kwa waya, hadi mikono miwili ikutane katikati ya mto. Mkono mmoja ukitangulia mno, mnara unavutwa. Upande mfupi wa nchi kavu nao lazima uongezewe uzito au ufungwe chini ili usinyanyuliwe na mvuto wa ule mrefu ulio juu ya maji.

Minara ya Jinja ina umbo la Y iliyopinduliwa, na nyaya zote zinashuka kwenye mstari mmoja katikati ya barabara, zikitenganisha magari yanayokwenda Kampala na yanayotoka huko. Umbo hilo linapendeza, lakini lina madai yake. Nyaya zilizo katikati hubeba uzito vizuri ila haziwezi kuzuia sakafu isijipinde pale msururu wa malori mazito unapokuwa upande mmoja na upande wa pili ni mtupu. Kazi ya kuzuia kujipinda lazima ifanywe na sakafu yenyewe. Ndiyo maana sakafu ni sanduku la zege lenye uwazi ndani, kwa kuwa sanduku lililofungwa pande zote hukataa kupindwa kuliko bamba tupu la unene wowote wa kawaida.

Miezi miwili tu kabla ya Jinja kufunguliwa, tarehe 14 Agosti 2018, dunia iliona daraja la nyaya likianguka mjini Genoa, Italia, juu ya Mto Polcevera, na watu 43 wakafa. Ni haki kuuliza kama aina hii ni salama. Tofauti ni kubwa. Daraja la Genoa, lililofunguliwa 1967 kwa mchoro wa mhandisi Riccardo Morandi, lilikuwa na nyaya chache mno kwa kila mnara, na chuma chake kilifunikwa ndani ya zege. Wazo lilikuwa kwamba zege lingekikinga chuma dhidi ya kutu. Badala yake lilikificha. Kutu iliyokuwa ndani haikuonekana kwa macho, na waya mmoja ukikatika hakukuwa na mwingine wa kupokea mzigo. Madaraja ya kisasa yana nyaya nyingi, kila moja ikiwa na nyuzi za chuma zilizopakwa kinga na kuvikwa ganda, na huchorwa ili waya mmoja uweze kufunguliwa na kubadilishwa huku daraja likiendelea kusimama. Mimi naona hilo ndilo somo zito la Genoa: sehemu inayobeba uhai wa watu lazima iweze kukaguliwa na iweze kubadilishwa. Daraja lililochukua nafasi ya lile, kwa mchoro wa Renzo Piano, lilifunguliwa Agosti 2020 likiwa na nguzo za kawaida bila nyaya, pamoja na roboti za kulikagua na mfumo wa kukausha unyevu ndani ya chuma.

Yeni, shilingi na ardhi

Shirika la misaada la Japani, JICA, lilitia saini mkopo wa hadi yeni milioni 9,198 Novemba 2010, na serikali ya Uganda ikabeba sehemu iliyobaki. Jiwe la msingi liliwekwa Januari 2014. Ujenzi ulifanywa kwa ubia wa kampuni mbili, Zenitaka ya Japani na Hyundai Engineering & Construction ya Korea Kusini. Kutoka saini ya mkopo hadi gari la kwanza ni karibu miaka 8, na zaidi ya miaka 3 ya kwanza ilikwenda kwenye michoro, zabuni, upimaji wa udongo na maandalizi ya eneo. Wananchi huiona miaka hiyo kama uzembe. Wakati mwingine ni uzembe kweli. Lakini tundu la kuchimbia msingi likichimbwa mahali pasipopimwa vizuri, gharama yake huja mara mbili, na huja wakati mitambo ya kukodi tayari iko kazini.

Masharti ya mkopo yalikuwa mepesi ajabu: riba ya asilimia 0.01 kwa mwaka, muda wa kulipa miaka 40, ikiwemo 10 ya mwanzo ambayo mkopaji halipi mtaji, yaani fedha zenyewe zilizokopwa. Kwa deni lote, riba hiyo ni chini ya yeni milioni moja kwa mwaka. Uzito wa mkopo wa aina hii haumo katika riba. Umo katika sarafu, maana Uganda inakusanya kodi kwa shilingi na kulipa mtaji kwa yeni. Yeni ikipanda, deni linakua bila mtu kukopa senti zaidi, ikishuka, linapungua. Tangu 2010 yeni imeshuka sana dhidi ya dola, na hilo limekuwa nafuu kwa mkopaji. Nchi isipange bajeti yake kwa kutegemea nafuu kama hiyo.

Fidia ya ardhi ni jambo ambalo makala za madaraja hulipita haraka, nami sitaki kulipita. Daraja lenyewe linachukua ardhi ndogo. Barabara zinazoliunganisha na barabara kuu ndizo zinazoingia kwenye viwanja, mashamba na maduka ya watu, upande wa Njeru, mji ulio ng'ambo ya mto, na upande wa Jinja. Mwenye hati hulipwa kwa hati yake. Mpangaji, mchoma mahindi na fundi baiskeli aliyekaa ukingoni mwa barabara ya bwawa kwa miaka hana karatasi ya kuonyesha, na riziki yake ilitokana na foleni ile ile ambayo daraja jipya limeiondoa. Mradi wowote wa namna hii unaohesabu dakika walizookoa madereva unapaswa kuhesabu pia watu hawa, na kuwatengea mahali pa kufanyia biashara kabla barabara haijahama.

Foleni huhama, na bwawa hupumua

Kubadilisha daraja huleta swali la lile la zamani. Mjini Genoa mabaki yalilipuliwa Juni 2019. Mombasa, daraja la kuelea la Nyali la mwaka 1931 liliondoka lilipofunguliwa la zege mwaka 1980. Dar es Salaam daraja la Selander lilibaki na linaendelea kutumika sambamba na la Tanzanite lililofunguliwa 2022. Jinja haina hiari hiyo. Bwawa haliondoki, kwa sababu bila ukuta ule hakuna umeme wala udhibiti wa maji yanayotoka ziwani. Kilichobadilishwa ni kazi yake.

Faida ya mabadiliko hayo ilionekana mapema. Mei 2020 Ziwa Viktoria lilifikia kimo ambacho hakijawahi kurekodiwa, kikipita kidogo hata rekodi ya 1964. Maji mengi ilibidi yaachiliwe kupitia mabwawa ya Jinja, Nalubaale na jirani yake Kiira. Wasimamizi wa bwawa walifanya kazi hiyo wakati mzigo mkubwa wa barabara ya kimataifa ulikuwa umekwisha kuhamia kwenye daraja lingine. Jaribu kuwaza malango yakiwa wazi, mto ukivuma chini, na msururu wa matanki ya petroli umesimama juu ya ukuta ukisubiri zamu.

Kwa upande wa usafiri matarajio lazima yawe ya kweli. Daraja lina njia mbili kila upande, pamoja na njia za waendao kwa miguu, na lile banio la Jinja limekwisha. Lakini barabara ya kutoka Jinja kwenda Kampala, kupitia msitu wa Mabira hadi Mukono, bado ni nyembamba kwa sehemu kubwa, na ile barabara ya mwendo kasi iliyopangwa kati ya miji hiyo miwili imebaki mpango kwa miaka mingi. Dereva anayevuka Nile kwa dakika chache hukutana na foleni mbele. Daraja hutibu mahali lilipo tu.

Siku za mwanzo watu walikuwa wakisimamisha magari katikati ili wapige picha, na mamlaka ikapiga marufuku. Usalama ni sababu ya haki. Gari lililosimama kwenye njia ya malori ni hatari. Hata hivyo naamini Waganda wanaolipa deni la daraja hili kwa miaka 40 wanastahili mahali rasmi ukingoni pa kusimama na kulitazama. Jinja imekuwa jiji tangu Julai 2020 na inaishi kwa wageni wanaokuja kuona chanzo cha Mto Nile; sehemu kama hiyo ingelipa gharama zake yenyewe.

Miaka 120 inahitaji mlinzi

Daraja limechorwa kuishi miaka 120. Takwimu hiyo hutajwa kama ahadi ya mkandarasi, na sivyo. Ni hesabu yenye masharti: mizigo isizidi iliyokadiriwa, na sehemu zinazochakaa zibadilishwe kwa wakati. Maungio yanayoruhusu daraja kutanuka kwa joto hujaa mchanga na kukatika baada ya miaka kadhaa. Mabomba ya kutoa maji ya mvua yakiziba, maji hutafuta njia ya kuingia ndani ya sanduku la zege. Nyaya hupigwa na upepo na mvua, na viungo vyake vya juu na chini vinataka mtu wa kupanda na kuvifungua kuvitazama. Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji sherehe wala jiwe la msingi, na kwa hiyo hakuna lolote linalopigiwa makofi. Ni kazi ya kijana mwenye kofia ngumu, tochi na daftari, na bajeti ndogo inayotoka kila mwaka bila kukatwa.

Daftari hilo ndilo linalonipa wasiwasi kuliko zege. Daraja lilipokabidhiwa, mwenye dhamana alikuwa Mamlaka ya Barabara za Kitaifa, UNRA. Mwaka 2024 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kuivunja na kurudisha kazi zake kwenye Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Nchi ina haki ya kupanga taasisi zake inavyoona. Lakini kipimo cha leo cha mvuto wa waya kina maana pale tu kinapolinganishwa na kipimo cha siku ulipofungwa, na ufa wa mwaka huu hujulikana kama unakua pale tu mtu anapoweza kufungua picha za mwaka jana. Michoro halisi ya ujenzi, vipimo vya kwanza, miongozo ya matengenezo na majina ya waliofundishwa kuisoma lazima vihame pamoja na meza na magari ya ofisi, vikiwa kamili, na mtu mmoja anayejulikana awe anavisimamia. Kamati ya Bunge inayoshughulikia miundombinu inaweza kuomba orodha hiyo wakati wowote, na ripoti ya ukaguzi wa kila mwaka inaweza kuwekwa wazi kwa raia wa Jinja na Njeru wanaovuka daraja lile kwenda sokoni.